Kila Jumapili, Fundi wa Miavuli

Filamu niliyoiona mara nyingi kuliko zote maishani mwangu ni filamu nisiyoipenda. Nikisema niliiona natia chumvi kidogo, kwa sababu mara nyingi nilikuwa nimeketi mbele yake macho yakiwa kwenye simu, kwenye mlango, kwenye saa ya ukutani. Lakini naijua. Ukiniamsha usingizini ukaniuliza fundi wa miavuli alikunywa chai kwa nani kabla ya kufika darajani, nitakujibu kabla sijafumbua macho, halafu nitakukasirikia kwa kuniamsha.

Ni filamu ya huko Asia, sijui nchi gani. Jina lake halikujulikana kwetu. Kambini Nakivale, kwetu wakimbizi wa Uganda, tuliiita Filamu ya Mwavuli na ikatosha. Kuna mzee anayetengeneza miavuli ya karatasi katika kijiji cha mlimani. Zamani alikuwa mpiganaji hodari, akaacha. Siku moja majambazi wanakuja na kumchukua mdogo wake. Mzee anafunga duka, anachukua mwavuli mmoja, anawafuata kwa miguu, na mvua inanyesha tangu hapo hadi mwisho. Njiani bibi kizee anamkaribisha chai. Kumbe bibi huyo ndiye mama wa mkuu wa majambazi. Wawili wanakutana darajani, wanapigana mpaka unachoka wewe unayetazama, fundi anashinda, mdogo wake anaachiliwa, na badala ya kumuua yule mkuu anampa mwavuli ampelekee mama yake. Basi. Hakuna zaidi ya hapo.

Mama yangu aliiweka kila Jumapili alasiri, akitoka ibadani, kitenge cha kanisani kikiwa bado kiunoni. Hakutaka nyingine. Watu walimletea za Kihindi zenye machozi, za Kinaijeria zenye wachawi na wakwe wabaya, akazisikiliza dakika tano, akashukuru kwa adabu zote, akaomba mwavuli wake.

"Mama, hii si umeshaiona mara mia?" nilikuwa namuuliza.

"Bado siyamaliza," ananijibu, kwa Kiswahili chetu cha Kivu, na mazungumzo yanaishia hapo.

Nitasema mapema, msomaji asidhani namficha kitu kama mama alivyonificha mimi: katika miaka hiyo mama yangu alikuwa anapofuka, nami nilikuwa naketi hatua moja kutoka kwake nikihesabu dakika za kuondoka.

Mimi ni mtu wa mguu nje, mguu ndani. Sijui nilikotoa tabia hii. Mama alizaliwa, akaolewa na akalima kwenye kilima kimoja cha Kivu Kusini mpaka vita vilipomfukuza, na alipofika Nakivale akiwa na mimi wa miaka tisa na sufuria mbili alichagua kiwanja, akapanda mihogo, akakaa. Mimi nikikaa, mguu wa kulia unaanza kutikisika wenyewe. Shuleni nilichapwa kwa ajili ya mguu huo. Nilipokua niliuza chai pale Kabingo miezi minane, nikachoshwa na wateja wale wale na vichekesho vile vile. Nikaenda Bwizibwera kuosha makopo ya maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Harufu ilinishinda, nikaondoka bila hata kuaga. Mwisho nikatua Mbarara mjini, kwenye duka la kushona sare za shule. Hapo, kwa mshangao wa wote wanaonijua, nikadumu, kwa sababu kola ya shati la shule inakukasirisha vya kutosha usipate nafasi ya kuchoka.

Kitu kimoja tu nilikiogopa, nacho ni kurudi kambini kuishi. Niliogopa ule mstari wa kungojea mgawo, ile miti ya mipaka ya viwanja, siku inayofanana na jana yake. Sikuwahi kumwambia mama. Nilidhani hajui.

Filamu yenyewe tuliipata kwenye kibanda, ule ukumbi wa video wa miti na mahema, wenye mabenchi, runinga moja na genereta inayokohoa nje. Nilikuwa msichana bado. Wanaume waliketi mbele. Wanawake waliachiwa nyuma karibu na mlango, na katikati kulikuwa na nguzo nene inayobeba paa, na mbele ya nguzo migongo ya wanaume. Huko nyuma ulichoona ni kona ya juu ya runinga, labda na nywele za mtu.

Ndipo ikawepo kazi ya mtafsiri. Kila kibanda cha Uganda kina mtu wa namna hiyo, anayekaa na kipaza sauti na kugeuza maneno ya filamu. Wa kwetu alikuwa Mkongomani, mwalimu wa zamani, na lugha ya filamu ile hakuijua hata neno moja. Alikuwa anakisia. Na kwa sababu wanawake walimlalamikia kwamba hawaoni kitu, alizoea kusimulia si maneno tu, bali kila kinachotokea, hata kisicho na maana.

"Bamama ba nyuma, musikilize!" hivyo ndivyo alivyoanza kila mara. "Akteri anatoka mu nyumba. Anafunga mulango. Anatazama mulima. Mvua ni mingi, mingi kabisa! Anafungua mwavuli, mwekundu kama nyanya, pwaa! Bamama, huyu mutu ni murefu, anainamia mulango!"

Sauti yake ilirekodiwa juu ya filamu, na nakala zikauzwa kwenye flashi. Kwa hiyo hata kibanda kilipobomoka na mtafsiri akapata safari ya kwenda kuishi ng'ambo, sauti yake ilibaki kambini, ikipiga kelele ndani ya runinga za watu. Nilipoanza kupata mshahara Mbarara nilimnunulia mama runinga ndogo, deki ya kuchomekea flashi na sola ya juu ya bati. Nilidhani ataona dunia. Akaweka mwavuli.

Nilikuwa naenda kumwona Jumapili moja au mbili kwa mwezi. Nafika saa sita, tunakula bugali na sombe, yale majani ya mihogo, anawasha filamu, jirani yetu Mrundi anakuja akitoka misa na kigoda chake, na saa kumi gari la Mbarara linapiga honi barabarani nami nimeshavaa viatu. Hizo ndizo zilikuwa ziara zangu. Naweza kujitetea kwamba nilileta sukari na sabuni.

Na mambo nilikuwa nayaona, sikatai. Niliona kamba ya nguo imefungwa kutoka mwimo wa mlango hadi chooni, nikacheka sana. "Mama, nani anaanika nguo zake chooni?" Akasema upepo wa huko ni mzuri. Nilitafuna mawe kwenye maharage, nikamwambia siku hizi anapika kwa haraka, yeye aliyenifundisha kuchambua maharage punje kwa punje. Akasema maharage ya siku hizi yanauzwa kwa mawe. Mtu akisimama mlangoni, mama alikuwa anasema "Karibu, karibu, habari ya kwenu?" kwa uchangamfu, kisha anangoja. Anangoja sauti. Mimi nikidhani uzee umemwongezea ukarimu.

Nikifika alinishika mabega na mashavu kwa mikono miwili. "Umekonda," alisema, au "umenona." Nilijitoa mikononi mwake haraka, kwa sababu sipendi kushikwashikwa, na nilikuwa nimebeba mizigo.

Ikaja siku ya zawadi. Kuna kijana mjini anayejaza filamu kwenye flashi za watu, na siku moja nikiwa dukani kwake nikaiona kwenye kioo cha kompyuta yake: mvua, mlima, mwavuli. Nakala safi! Picha inang'aa hadi unahesabu matone, na hakuna mtu anayepiga kelele juu yake. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona mtoto mwema kuliko watoto wote wa Isingiro, wilaya yetu. Nilimfungia flashi ile kwenye kipande cha kitambaa cha sare, nikaisubiri Jumapili kwa hamu nisiyokuwa nayo kwa miaka.

Nikaiweka. Mvua ikaanza, nzuri ajabu. Mzee akatoka nyumbani kimya kimya, akafunga mlango kimya kimya, akatembea. Unasikia maji tu, na viatu kwenye matope. Hata mimi nilivutika. Mama alikuwa amekaza uso kuelekea runinga, mikono magotini.

"Iko wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Filme. Mbona haianze?"

"Imeanza, mama. Si huyo anatembea?"

Mvua ikaendelea. Jirani yetu alikuwa anautazama udongo wa sakafuni kama aliyedondosha sindano.

"Hii si yenyewe," mama akasema. "Toa hii. Rudisha ile yangu."

"Ni yenyewe! Tena ni nzuri zaidi, ile yako imechakaa, picha yake ni vumbi tupu, na yule mwalimu wako mwongo anakuharibia kila kitu!"

"Nimesema toa."

Nilitoa. Niliichomoa flashi kwa nguvu hadi runinga ikayumba. Nilimwambia ana kichwa kigumu, kwamba mtu anahangaika mjini kumtafutia kitu kizuri naye anakikataa kama mtoto anayekataa chakula. Nilimwambia kwamba ndiyo sababu watu wa kambini hawaendi popote, wanakaa na kitu kimoja hadi wanazeeka nacho. Hilo nililisema. Mama aliweka filamu yake kwa kupapasa, nami nikadhani anapapasa kwa hasira.

Sikungoja gari la saa kumi. Nilikwenda kusimama barabarani saa nane, kwenye jua, mguu ukitikisika hata nikiwa nimesimama. Kisha sikurudi kwa miezi mitatu. Nilituma sukari kwa watu. Alinipigia simu, nikasema kuna kazi nyingi, shule zinafunguliwa. Zilikuwa zinafunguliwa kweli, lakini shule hazifunguliwi miezi mitatu.

Nikarudi, si kwa sababu hasira imeisha, bali kwa sababu nilichoka kuibeba. Mama alinipokea kama niliyeondoka juzi. Tukala. Nilikuta mawe mawili kwenye maharage, nikayameza kwa adabu. Akawasha runinga, mtafsiri akaita bamama ba nyuma, nami nikatoka kwenda kuosha vyombo uani, maana sikuamini mdomo wangu.

Nilikuwa nasugua sufuria nikamsikia mama akicheka. Cheko lake la pale ambapo bibi kizee anamwagia fundi chai hadi inafurika. "Tazama ile chai!" akasema peke yake. "Angalia, inamwangika yote!" Nikatabasamu bila kutaka. Nikaingia kuchukua sufuria nyingine.

Runinga ilikuwa ya buluu. Waya wa picha kutoka kwenye deki ulikuwa umelegea, pengine tangu siku ile niliyoiyumbisha, na kioo chote kilikuwa buluu tupu, bila mtu, bila chai, bila mvua. Sauti tu ndiyo ilikuwa inaendelea. "Bamama, akteri anasimama! Anachukua mwavuli!" Na mama alikuwa ameinama mbele, uso wote ukicheka, macho yake kwenye ile buluu.

Nilisimama na sufuria mkononi. Nilitaka kuamini ananitania.

"Mama. Unaona nini?"

"Akteri," akasema. "Anaenda pa daraja. Ikala, sasa ni muzuri."

Sikuketi. Nilikwenda hadi mbele yake, nikainamisha uso wangu kati yake na runinga, karibu kabisa, na yeye akaendelea kutabasamu kuelekea fundi wa miavuli. Ndipo nikaona kile ambacho mtu yeyote angekiona kama angeangalia: jicho moja lilikuwa na ukungu mweupe katikati, na lingine, lililo safi, lilikuwa linatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Alipojua niko wapi na nimeona nini, tabasamu likamwondoka taratibu, akanyoosha mkono akaugusa uso wangu.

"Basi umejua," akasema.

Jirani alikuja mbio kwa kelele zangu. Nikamgeukia yeye, maana mama nilishindwa kumgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua, dada," akasema, akikaza kanga kifuani. "Mwaka wa pili huu. Ile kamba ya chooni tuliifunga sisi wawili. Alinishikisha Biblia yake, mimi Mkatoliki, nikaapa kwamba sitakwambia."

"Kwa nini?"

Hakujibu yeye. Alijibu mama, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeeleza kwa nini alipanda mihogo upande huu na si ule.

"Ningekuambia, ungerudi. Nakujua. Ungeacha ile mashini yako, ungekuya kuikala hapa na ile roho yako ya moto. Siku ya kwanza ungelia. Siku ya pili ungenipikia. Kisha ungeanza kunichukia, mupole mupole, na ungesali kusudi Mungu akusamehe. Mimi sikutaka ile."

Ningependa kuandika kwamba nilikataa, kwamba nilimwambia mama, hapana, nisingekuchukia kamwe. Nilikaa chini kwenye udongo kwa sababu alikuwa amesema kweli, neno kwa neno, na mimi ndiye niliyekuwa nimedhani yeye haioni hofu yangu.

Kesho yake nilimpeleka Mbarara, kwenye hospitali ya misheni pale Ruharo. Kutoka kwenye cherehani yangu hadi Ruharo unakwenda na kurudi kwenye saa ya chakula cha mchana, na muda wa kuosha mikono unabaki. Nilikuwa napita pale nikienda kununua vifungo. Tuliketi kwenye benchi na wazee wengi wa vilima vya huko, wote wametulia isipokuwa mimi. Muuguzi, mama wa Kinyankore mwenye sauti ya upole, aliyamulika macho ya mama yangu, akaandika, akamulika tena. Kisha akanivuta kando.

"Nyabo, mama iko na shida mbili," akasema, akiniita kama huko wanavyomwita mwanamke yeyote kwa heshima. "Hii jicho ya mukono wa kulia iko na presha. Presha imekula ndani kabisa, hiyo hatuwezi rudisha. Hii ingine iko na mtoto wa jicho. Hiyo daktari natoa, ataona."

"Ile ya presha, kama ningemleta mapema?"

Akaniangalia. Nadhani ameulizwa swali hilo na watoto wengi. "Kama nyinyi mulikuja mapema, tungejaribu," akasema. "Sasa twende na hii moja. Nyinyi munakaa mbali?"

"Mama anakaa Nakivale," nikasema. Ninapokaa mimi sikupataja.

Wakamfanyia upasuaji, wakamfunga bendeji, na kwa sababu alitakiwa arudi kuangaliwa, alilala chumbani kwangu mjini. Chumba kina dirisha moja linalotazama barabara. Kwa mara ya kwanza mama hakuwa na filamu yake, maana sikuwa na runinga. Alikaa kitandani, wima, akasikiliza mji kwa muda.

"Sema," akaniambia.

"Niseme nini?"

"Kile kiko nje. Mimi niko mama wa nyuma."

Nikaenda dirishani. "Kuna watu wanapita," nikasema. "Na bodaboda."

"Batu gani?"

"Watu tu, mama."

Akacheka kwa dharau. "Mutafsiri wetu angenisimulia watu wote mpaka nguo zao."

Nikaudhika, kama kawaida yangu, na kwa kuudhika nikaanza kuangalia. Nikamwambia kuna mwanamke amebeba sinia la ovakado kichwani, sketi yake ni ya zambarau na ameikunja upande mmoja. Nikamwambia mwenye bodaboda ya kona amelala juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani, kofia ya baridi juani. Nikamwambia dobi wa ng'ambo ya barabara ameanika shuka saba nyeupe na moja ya maua, na mbuzi wa mtu anaisogelea ile ya maua. "Ameifikia?" mama akauliza. "Bado. Anajifanya anakula nyasi. Sasa! Ameishika!" Mama akapiga makofi. Nikaendelea hadi sauti ikakauka. Miaka minne nimeishi kwenye chumba kile, na mambo hayo yote nilikuwa nayaona siku ile kwa mara ya kwanza. Mguu, nilikuja kugundua baadaye, ulikuwa umetulia.

Lakini roho yangu haikutulia. Usidhani hii ni hadithi ya mtu aliyepona. Kila alipolala nilijikuta napiga hesabu: miaka miwili ya kiapo cha jirani, Jumapili ngapi hizo, mara ngapi alinishika mashavu nikajitoa. Nilipata hasira naye pia, kwa nini aliamua peke yake kile ninachoweza kubeba na nisichoweza. Nikamwambia. Akasema, "Ndiyo, kasirika," kisha akaomba maji.

Siku ya kufunguliwa bendeji sitaieleza sana. Alipepesa jicho, akaona dari, akaona muuguzi, akamwambia ana meno mazuri. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia la mlango, nikijifanya nazungumza kwenye simu. Jua lilikuwa kali na alivaa miwani nyeusi mara moja, na njiani nikimrudisha Nakivale, na nyumbani kwake, alikuwa anaangalia migomba, vilima, ng'ombe wa pembe ndefu, mabango ya rangi ya kampuni za simu, akisoma herufi kwa sauti. Nami nilikuwa namwelekeza nje, nje, tazama kule mama, asije akanigeukia mimi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Nakivale. Jirani alikuwa ameleta kigoda. Waya wa picha nilikuwa nimekwisha kuukaza. Tukaweka filamu, ile yake, yenye mtafsiri, na mama akavuta benchi hadi karibu.

"Bamama ba nyuma, musikilize! Bamama, huyu mutu ni murefu, anainamia mulango!"

Mama akasogea mbele zaidi. Akageukia jirani, akageukia tena kioo.

"Ule ndiye akteri? Ule mufupi?"

Fundi wa miavuli ni mfupi. Ni mfupi sana; mlango anapita bila kuinama na nafasi inabaki. Nilikuwa naijua filamu hiyo kwa moyo na sikuwahi kufikiri jambo hilo.

"Na mwavuli ni wa kijani!" mama akapiga kelele. "Mwongo ule! Mwalimu mwongo!" Alicheka hadi akajifuta jicho lake, lile moja, kwa ncha ya kitenge kama alivyoonywa asifanye. Kwenye kibanda alikuwa nyuma ya nguzo, na runinga ilipoingia nyumbani kwake ukungu ulikuwa umeshaanza. Filamu aliyoipenda hakuwahi kuiona.

Nilidhani sasa ataitazama hadi mwisho. Mzee alipofika kwa bibi kizee, kabla chai haijamwagwa, mama akasema, "Zima."

"Haijafika darajani, mama."

"Zima. Kuya huku fasi ya mwanga."

Nikazima. Akanivuta hadi kwenye benchi la mlangoni, akaniketisha uso ukielekea nje, akavua miwani yake nyeusi. Kisha akaanza kuniangalia. Hakunigusa. Aliangalia paji la uso, akaangalia kovu la kidevuni nililolipata Bwizibwera kwa kuangukia kopo na ambalo sikuwahi kumwambia, akaangalia vidole vyangu vilivyochomwa na sindano, akaangalia mvi mbili nilizofikiri nimezificha. Jirani alichukua kigoda chake akaondoka bila kuaga. Mimi sikujua niweke macho wapi. Nilisema neno la kuchekesha, hakucheka. Nikauliza kama anataka chai, akaendelea kuangalia.

Barabarani gari la Mbarara likapiga honi. Saa kumi. Viatu nilikuwa nimeshavivaa, tangu tulipomaliza kula. Nikainuka nusu.

"Mama, gari. Umeniangalia saa nzima."

"Ikala," akasema. "Bado siyamaliza."

Nikaketi. Honi ikalia mara ya pili, kisha gari likaondoka. Mguu wangu ulikuwa umeanza kutikisika, na mama akauangalia nao.